Ukuta wa Mtu Aliyekuja kwa Shida Nyingine

Mabibi na mabwana, wasanii wenzangu, na ninyi wasimamizi wa majengo mliokubali kukaa nasi asubuhi nzima huku funguo za ofisi ziko mifukoni mwenu na watu wanawasubiri: nawashukuru. Nimeombwa nizungumzie maonyesho ya sanaa katika kumbi za jamii, maktaba, ofisi za umma, zahanati na majengo ya namna hiyo. Nimetundika picha kwenye korido hizo kwa miaka mingi, hadi nikiingia ofisi yoyote macho huenda ukutani kabla hayajaenda kaunta. Ni ugonjwa, na nyumbani wameshauzoea.

Nianze na mtu mmoja. Ameingia jengoni asubuhi kufuatilia nakala ya cheti. Amechukua namba, na namba yake ni 41. Anayehudumiwa ni wa 19. Hakuja kuangalia picha, wala hajui kwamba kuna maonyesho. Bango letu la mlangoni amelipita akidhani ni tangazo la zabuni. Sasa amekaa kwenye benchi, simu inakaribia kuzima chaji, na hatua nne mbele yake kuna mchoro.

Huyo ndiye mtazamaji wetu. Mhakiki, mnunuzi mkubwa, na yule rafiki wa msanii anayekuja siku ya ufunguzi kwa ajili ya soda, hao wote ni wa ziada. Karibu kila kosa nililowahi kulifanya katika kazi hii nililifanya kwa sababu nilimsahau mtu wa namba 41.

Mwaka 2001 watafiti wawili, Jeffrey Smith na Lisa Smith, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya katika jumba la makumbusho ya sanaa la Metropolitan jijini New York. Walisimama pembeni na saa, wakapima muda ambao wageni waliutumia mbele ya kazi mashuhuri za jumba lile. Wastani ulikuwa kama sekunde 27. Tena wastani huo ulipandishwa na wachache wenye subira, maana nusu ya waliopimwa hawakuzidi sekunde 17. Na hao ni watu waliofunga safari makusudi kwenda kuangalia sanaa! Mtu wetu wa benchi, ambaye hakukusudia chochote, ana dakika hamsini. Ataiangalia picha, ataichoka, atageukia simu, simu itazima, atairudia picha. Na nyuma ya kaunta yuko karani atakayekaa na picha hiyo wiki sita, saa nane kwa siku. Jumba kubwa haliwezi kumpa msanii watazamaji wa aina hiyo hata likitaka.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye korido methali hiyo ina walakini. Nimeona picha nzuri kwelikweli, zenye rangi za kuita macho kutoka mlangoni, zikafa siku ya tatu. Zilikuwa zimesema yote kwa mara moja. Karani anaacha kuziona, kama tusivyosikia mlio wa feni. Na nimeona mchoro mdogo wa penseli, dirisha na kiti kitupu, ambao siku ya ufunguzi hakuna aliyesimama mbele yake, lakini mwezi ulipokwisha wafanyakazi watatu walikuja kuniuliza kama lazima uondoke. Kwa hiyo ninapochagua kazi za ukuta wa umma najiuliza swali moja: mtu akiiona mara ya kumi, atakuta nini ambacho hakukikuta mara ya tisa?

Sasa, najua humu ndani wamo wasanii wanaoona aibu kidogo. Wanasema, "Ukumbi wa jamii ni wa kuanzia tu. Siku moja nitaonyesha mahali pa maana." Nawaelewa, na mimi nilisema hivyo hivyo. Lakini historia haiwaungi mkono.

London ya karne ya 18 haikuwa na mahali ambapo mchoraji aliye hai angeweza kuonyesha kazi zake kwa watu wote. Kulikuwa na nyumba za mabwana, na bwana alifungua mlango kwa amtakaye. Mwaka 1739 nahodha mstaafu wa meli, Thomas Coram, baada ya kuhangaika kwa miaka mingi, alipata hati ya kifalme ya kuanzisha Foundling Hospital, makao ya watoto wachanga ambao mama zao hawakuweza kuwalea. Mchoraji William Hogarth alikuwa miongoni mwa wadhamini wake. Mwaka 1740 alimchora Coram, picha kubwa ya namna waliyokuwa wakichorwa wafalme na makabaila, ila huyu ni mzee wa baharini mwenye koti jekundu na uso wa kawaida, na akaitoa picha ile kwa makao. Kisha akawashawishi wachoraji wenzake nao watoe zao. Kuta za nyumba ya yatima zikajaa kazi za watu wa zama zile zile.

Hogarth hakuwa mtakatifu wa kutoa bure tu. Alijua hesabu. Wenye fedha walikuja kuona picha, wakaona na watoto, wakafungua pochi. Wachoraji nao wakapata kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho, yaani ukuta ambao mtu asiye rafiki wa bwana fulani angeweza kuukaribia. Wasanii waliokuwa wakikutana pale ndio walioandaa maonyesho ya hadhara ya mwaka 1760, na miaka minane baadaye, 1768, ikaanzishwa Royal Academy, chuo cha kifalme cha sanaa. Kwa hiyo chuo kile kikubwa kilitanguliwa na nyumba ya watoto walioachwa, si kinyume chake. Msanii akiniambia zahanati ni mahali padogo mno kwa kazi yake, huwa namsimulia habari hii na kunyamaza.

Hata jina la maonyesho laweza kutoka kwenye chumba. Wafaransa waliita maonyesho yao makubwa "Salon" kwa sababu tu yalifanyika katika chumba cha Salon Carré, ndani ya jumba la Louvre, na kuanzia 1737 yakawa ya kawaida na ya wazi kwa watu. Jina la chumba likageuka kuwa jina la tukio. Tukio lilipokua likawa na kamati kali ya kuchagua kazi. Mwaka 1863 kamati ilikataa maelfu ya kazi, malalamiko yakamfikia mtawala wa Ufaransa, Napoleon III, naye akaamuru zilizokataliwa zionyeshwe kando ili watu wajiamulie. Watu walikuja wengi, wengi wao wakicheka. Miongoni mwa walichokicheka ni picha ya mchoraji Manet ambayo leo haikosekani katika somo lolote la sanaa ya kisasa. Mwaka 1884 wasanii wengine wakachoka kabisa, wakaanzisha maonyesho yao yenye kaulimbiu: bila majaji, bila tuzo.

Naulizwa kila mara: tuwe na kamati ya uteuzi au tusiwe nayo? Jibu langu halitapendwa na pande zote mbili. Ukuta wa umma unahitaji kamati, maana nafasi ni ndogo na anayetazama hana pa kukimbilia. Lakini kamati isiwe ya wasanii watupu. Muweke humo mtu wa mapokezi, mlinzi na msafishaji, maana hao ndio watakaoishi na picha. Wakati fulani msafishaji alituuliza kwa nini picha zote saba tulizochagua zilikuwa za mvua. Sisi wataalamu watano hatukuwa tumeliona hilo. Na mara moja kwa mwaka, fungueni mlango wote: anayeleta kazi itundikwe, hata ya mtoto, hata ya bibi aliyeanza kuchora baada ya kustaafu. Siku hizo ukumbi hujaa, kwa sababu kila picha huja na ukoo wake.

Tuingie kwenye kazi yenyewe, kwa mikono.

Vitabu vya fani vinasema katikati ya picha pawe kati ya sentimita 145 na 155 kutoka sakafuni, kwa kuwa hapo ndipo macho ya mtu mzima aliyesimama yanapoangukia. Ni kanuni nzuri kwa jumba ambalo watu hutembea. Lakini mtu wetu amekaa! Macho yake yako kama sentimita 115 au 120. Ukitundika kwa kanuni ya kitabu, dakika zake hamsini zinaishia kwenye ukingo wa chini wa fremu na shingo inamuuma. Kwenye sehemu za kusubiria mimi hushusha picha hadi nusu ya njia, na mwenye kiti cha magurudumu naye ananufaika. Nikishusha, watu wa fani wakija hutikisa kichwa. Watikise.

Usitundike juu ya benchi. Aliyekaa hapo ameipa picha kisogo, aliye upande wa pili anaona aibu kumkodolea macho, na baada ya wiki mbili mafuta ya nywele yameacha alama ukutani na kwenye fremu. Tundika upande unaotazamwa. Kila fremu ishikwe kwa ncha mbili, kwa sababu milango ya ofisi za umma hubamizwa, na picha iliyoshikwa kwa msumari mmoja ikifika Ijumaa imelala upande. Pima maji ni rafiki. Jicho lako baada ya saa sita za kazi si rafiki. Sanamu au kitu chochote kinachotokeza kisivuke sentimita kumi kuingia njiani, maana asiyeona hupapasa sakafu kwa fimbo, na fimbo hupita chini ya kitu hicho bila kukigusa hadi uso wake ukigundue. Na tafadhali, mlango wa dharura na kizimamoto si sehemu ya utunzi wako.

Jambo la mwanga ni zito zaidi kuliko tunavyolichukulia. Rangi za maji, picha za karatasi na vitambaa zinatakiwa zipate mwanga wa luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), na rangi za mafuta kama 200. Jua la moja kwa moja hufika makumi ya maelfu. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, hula rangi na karatasi, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kuitia picha gizani baadaye hakurudishi kilichopotea, kunasimamisha tu kinachoendelea. Majengo mapya ya umma yanapenda vioo vikubwa, na msanifu hujivunia ukumbi unaomwagikiwa na jua. Msanii naye huona ukuta mweupe unaong'aa akafurahi, na wiki sita baadaye anapokea mchoro wa rangi za maji ambao waridi lake limekuwa kijivu. Nendeni na msimamizi wa jengo asubuhi, mchana na jioni, mtazame jua linavyotembea ukutani. Ukuta unaopigwa na jua upeni picha ambazo ni nakala tu, zinazoweza kuchapwa tena. Na ukuta wa nje unaolia maji wakati wa mvua usipewe kitu; au mkilazimika, wekeni vipande vidogo vya kizibo nyuma ya fremu ili hewa ipite.

Kuhusu maandishi ya pembeni. Mimi huandika jina la kazi, jina la msanii, mwaka, nyenzo, na sentensi mbili au tatu. Herufi ziwe kubwa, za kusomeka kutoka kwenye benchi kama nafasi inaruhusu. Nimechoka na maelezo yasemayo kwamba "kazi hii inahoji uhusiano baina ya nafsi na nafasi". Mwenye namba 41 anahoji kwa nini kaunta ya pili imefungwa. Mwambie kitu anachoweza kukikagua kwa macho yake: kwamba bluu ile ilipakwa mara tisa, kwamba mbao ya sanamu ilikuwa mlango. Atainuka akaangalie. Akishainuka, ameingia kwenye maonyesho.

Mambo ya karatasi nitayapitia haraka, maana yanajulikana ingawa hayafanywi. Pawe na mkataba wa maandishi hata kama ukumbi ni wa rafiki yako. Uandikwe nani analipa bima, au kama hakuna bima, isemwe wazi kwamba hakuna, ili msanii aamue akijua. Ziandikwe tarehe za kutundika na kuteremsha. Iandikwe asilimia ya kamisheni kama picha zinauzwa, na nani anapokea fedha, kwa sababu karani wa mapokezi hakuajiriwa kuwa dalali. Na ijulikane kwamba katika nchi nyingi anayenunua picha amenunua kitu, hakununua haki ya kuichapa kwenye kalenda ya ofisi. Haki hiyo hubaki kwa msanii mpaka aitoe mwenyewe kwa maandishi.

Ila kuna kifungu kimoja nataka nikikalie: nani anaruhusiwa kugusa picha. Niliwahi kufika kwenye jengo moja, sitalitaja, wiki moja baada ya kutundika. Mbele ya picha kubwa kuliko zote palikuwa na kabati la mafaili. Kwenye kioo cha picha ya pili palibandikwa karatasi kwa gundi ya utepe: "Choo kimehamia ghorofa ya pili." Nilipolalamika niliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba ukuta ule ndio unaoonekana na watu wengi. Ndugu zangu, nilikasirika, halafu njiani nikacheka. Walikuwa sahihi. Ukuta ule ulikuwa unaonekana kwa sababu picha ilikuwa pale. Hawakuwa na ubaya, hawakuwa na mkataba tu. Tangu siku ile naandika kwamba picha haisogezwi, haifunikwi wala haibandikwi kitu, na naomba ukuta mdogo wa matangazo uwekwe karibu, kwa sababu watu lazima wajue choo kiko wapi.

Na malalamiko? Yatakuja. Mtu aliyekuja hospitali na mtoto mgonjwa hakuchagua kukutana na picha ya jeneza. Hapa naachana na wenzangu wanaosema sanaa iachwe huru popote. Kwenye jumba la sanaa, ndiyo. Kwenye wodi, msikilize mgonjwa. Lakini kusikiliza si kuondoa picha mara tu simu ya kwanza inapolia. Muwe na utaratibu ulioandikwa kabla: lalamiko linapelekwa kwa kamati ile ile iliyochagua, msanii anaitwa, jibu linatolewa kwa siku zinazojulikana. Mara nyingi picha inahamia ukuta mwingine na kila mtu anapumua. Kisichokubalika ni meneja kuishusha usiku na kuiegemeza stoo ikitazama ukuta.

Saa za kufungua nazo ni sehemu ya sanaa. Mwaka 1881 mchungaji Samuel Barnett na mkewe Henrietta walianza kuonyesha picha kwenye vyumba vya shule ya parokia yao huko Whitechapel, mashariki mwa London, mtaa wa mafukara. Walifungua hata Jumapili, jambo lililowaudhi washika dini wengi, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ambayo kibarua alikuwa na miguu yake mwenyewe. Maonyesho yale ya madarasani ndiyo yaliyozaa jumba la sanaa la Whitechapel, lililofunguliwa 1901 na lipo hadi leo. Mtu akiniambia ukumbi wake unafungwa saa kumi jioni na hauna watazamaji, sijui anataka nimpe ushauri gani zaidi ya huo.

Serikali kadhaa zimeweka sheria ya kutenga asilimia moja ya gharama za ujenzi wa jengo la umma kwa ajili ya sanaa. Ufaransa inayo tangu 1951. Nasema heri yao, ila fedha hizo kwa kawaida huzaa kitu cha kudumu, sanamu uani au mozaiki ukutani, na miaka ikipita watu hufunga baiskeli hapo. Mimi nikipewa nichague, ningeomba reli ya kutundikia picha kwenye kila korido, na taa inayogeuzwa. Reli ni kitu cha bei ndogo, na jengo lenye reli hupata maonyesho mapya kila mwezi bila kutobolewa ukuta.

Mnaoogopa kukosea, nina kisa cha kuwatuliza. Mwaka 1961 jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lilitundika kazi ya msanii Mfaransa Henri Matisse iitwayo Le Bateau, mashua na kivuli chake majini. Iliwekwa juu chini, chini juu. Ilikaa hivyo siku 47 kabla hawajasahihisha, na aliyeling'amua kosa alikuwa mgeni wa kawaida, si mfanyakazi. Naamini kwenye korido ya ofisi isingefika siku ya tatu, maana msafishaji angeuliza.

Nalisema hilo nikiwa na ushahidi. Kwenye maonyesho yangu ya mwisho tulikuwa na picha ya fundi seremala akipasua ubao kwa msumeno. Mzee mmoja, amekaa na namba yake mkononi, aliitazama muda mrefu kisha akawaambia waliokaa naye kwamba mkono ule ni wa uongo. Mtu akishika msumeno hivyo, alisema, atakata kidole kabla hajafika nusu ya ubao. Benchi zima likaanza kubishana, mmoja akasimama kuonyesha kwa mwavuli wake. Karani wa kaunta ya tatu alinisimulia yote, nami nikamfikishia mchoraji. Nilidhani angeudhika. Alinyamaza, akauliza mzee alisema kidole gumba kikae wapi, kisha wiki iliyofuata akaja jioni jengo likiwa tupu, akaichukua picha, akairudisha baada ya siku nne.

Mzee alikuwa ameshapata cheti chake, hakuwa na sababu ya kurudi. Lakini asubuhi ya kwanza, kabla ya saa mbili na nusu, simu yangu iliita. Alikuwa yule karani wa kaunta ya tatu, ambaye hakuna aliyemwambia kitu. Alisema, "Mkono umebadilika."